Mwaka Niliowaandika Nguchiro

Raya alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua mchele, akaniambia mama yake amefariki. Kabla sijamaliza kusema innalillahi akaongeza, "Mama aliacha neno. Alisema khitma yake isisomwe mpaka Tatu afike." Nikaweka ungo chini. Tatu ni mimi. Kwa miaka thelathini na kitu sikuwa nimekanyaga nyumba ile ya Ngamiani, na Zuhura, marehemu, alijua vizuri kwa nini, maana mdomo uliomwachisha kwa mumewe ulikuwa wangu. Nimefundisha bayolojia sekondari mpaka nikastaafu. Nimewaeleza watoto wa watu kwamba mimba ya mtu ni miezi tisa na ya sungura ni mwezi mmoja, na kila mwaka nikifika sura ile nilikuwa nikigeukia ubao. Wanafunzi walidhani mwalimu anaona haya. Haya wapi! Nilikuwa namwona Zuhura amekaa jikoni anakuna nazi, kasimamisha mkono, ananitazama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na nchi nzima iko kwenye foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni ya kitu ambacho hata waliotangulia mbele hawakijui. Ndipo nikaambiwa kuna mama mmoja mtafiti, Daktari Mbelwa, Mshambaa wa Lushoto anayekaa kule milimani Amani, anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri anayeweza kukaa kimya. Mwandiko ninao, nikasema, kimya nitajifunza. Alinichukua kwa landrova yake mbovu mpaka kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, upande wa Pongwe, akanionyesha nyumba ya meneja iliyobaki kuta na ngazi, na chini ya ngazi zile shimo. "Humo wanakaa nguchiro," akasema. Nikamwuliza, hawa wezi wa mayai? Akacheka. "Hao hao. Wanakaa jamaa nzima, madume na majike, wanalala pamoja, wanalea pamoja. Nataka kujua nani anampanda nani, na nani anamzuia nani." Nilitazama chini kwa aibu. Mwanamke mzima, msomi, anasema maneno yale mchana kweupe kama anayeuliza bei ya mchicha! Baada ya wiki mbili na mimi nilikuwa nayasema hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Asubuhi napanda baiskeli kutoka Ngamiani, nafika shambani jua halijakolea, naketi juu ya pipa na daftari gotini. Tuliwanasa kwa mtego wenye kichwa cha samaki, tukawapaka alama mgongoni kwa dawa ya nywele, ile nyeusi wanayopaka wazee wasiotaka kuzeeka, ili tuwajue mmoja mmoja. Dawa rasmi ilitakiwa kuagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa hadithi. Hii ya wazee aliniletea Salim kutoka Mombasa, ndani ya mzigo wake wa magendo. Salim alikuwa mtoto wa Bi Khadija, mwenye nyumba niliyopanga, na Zuhura ndiye mkewe.

Nyumba ya Bi Khadija ilikuwa ya udongo na chokaa, vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na uani jiko la kuni lililotutoa machozi sote kwa usawa. Chumba changu kilipakana na cha Salim na Zuhura, ukuta haukufika juu, nikasikia mengi ambayo msichana hajayaomba. Jioni tulikula pamoja uani, wanawake sinia letu, na hata mwaka ule wa shida Bi Khadija hakukosa kitu cha kutia mchuzini: dagaa, papa mkavu, kisamvu cha nazi moja iliyokamuliwa mara tatu. Chai ilikuwa ya rangi, bila sukari, na tuliinywa huku tukizungumza habari za sukari. Na Bi Khadija alipenda kuzungumza. Kila Idi alikuwa akisimulia jinsi alivyomchukua Salim tumboni miezi kumi na saba. Mumewe alikuwa amekwenda Pemba kwenye karafuu, msimu ukaungana na msimu, na mimba ikamngoja baba. "Mwanangu hakutaka kuzaliwa bila mwenyewe kuwepo," alikuwa akisema, na Salim, mtu mzima na ndevu zake, anatabasamu kama aliyepewa zawadi.

Salim alikuwa na wivu, na hakuuficha. Zuhura akienda sokoni, Salim yuko nyuma, kapu mkononi. Akienda harusini, Salim yuko barazani kwa watu anangoja ngoma iishe. Vijana wa mtaani walimtania, "Salim, utambebea na kanga yake?" Alicheka nao, lakini lile kapu hakuliachia. Zuhura aliniambia siku moja jikoni, "Mwenzangu, nalindwa mie kama stoo ya ushirika." Nikashika mbavu, kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kuandika jambo hilo hilo. Majike wa nguchiro huingia joto karibu wote kwa pamoja, na kila dume mkubwa huchagua jike mmoja akamganda. Anamfuata hatua kwa hatua siku mbili tatu, hali, halali vizuri, mwingine akisogea anamrukia na meno. Dume wetu mkubwa tulimwita Bwana Shamba. Nilimwandika kurasa nzima: Bwana Shamba nyuma ya jike mwenye doa mkiani, saa moja na robo, bado yuko nyuma yake, saa tatu. Saa nne Bwana Shamba akageuka kumfukuza kijana mmoja, na kule alikogeuzia mgongo jike akapenya kwenye mkonge, akapandwa na dume mwingine, akarudi kuchimbua mende kana kwamba hakutoka. Nilimsimulia Zuhura mpaka mwisho, naye akacheka hadi nazi ikamponyoka. Kisha akaniuliza, "Na jike akikamatwa, hufanywaje?" Nikamwambia hafanywi kitu, madume ndio wanaong'atana. Akainama akaokota nazi yake. "Basi wana bahati," akasema.

Sikuyatia maanani. Leo kila neno la jikoni mle nalikumbuka, na nalipima, na nataka kuwa nimesikia kitu. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mtoto mwenye daftari. Niliona kila alichofanya nguchiro na sikuona chochote alichofanya mtu.

Miezi ya mwanzo tu ya kukaa kwangu, Salim akaondoka tena kwa njia ya Horohoro, mpakani, na safari hii hakurudi. Taniboi wa lori, msaidizi wa dereva, akatuletea habari kwamba amekamatwa upande wa pili na mzigo usio na karatasi, amefungwa. Zuhura alilia siku tatu. Kisha akanyamaza, akaanza kusuka ukili wa mikeka, akawa anakwenda sokoni peke yake, na mwendo wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayejua njia. Mwaka ukasogea. Madukani vikaanza kuonekana vitu tulivyokwisha kuvisahau, dawa ya meno, vibiriti, vitenge, na watu wakawa wanasimama mbele ya dirisha wanatazama tu. Na siku moja Zuhura akatapika uani mbele yetu sote, chai ya asubuhi na muhogo wake. Salim alikuwa kifungoni mwezi wa nane.

Linalofuata ndilo jambo ninalotaka lieleweke, kwa sababu sijaona tena mfano wake. Bi Khadija alikuwa anapepeta mchele. Aliinuka, akamshika Zuhura mkono, akamwingiza chumbani, akamlaza, akampapasa tumbo. Mimi nilikuwa mlangoni. Walitazamana, mkwe na mkamwana. Halafu Bi Khadija akasema, "Hii ilikuwa imelala. Sasa imeamka." Akatoka uani, ambako majirani watatu walikuwa wamekuja kuomba moto na chumvi, akatangaza kwa sauti, "Jamani, mimba ya Salim imeamka!" Wale wanawake hawakupepesa macho. Mmoja akasema alhamdulillahi. Mwingine akasema ya dada yake ililala miaka miwili. Wa tatu akasema ni huzuni, mume akifungwa mimba nayo hujifunga. Zikapita dakika tano, na mtoto aliye tumboni akawa na baba.

Nilicheka moyoni. Niliwaona washamba. Daktari Mbelwa aliposhuka kutoka Amani Ijumaa nikamwuliza, tena kwa kujidai, kama mimba ya mtu hulala. Akasema hapana, wapo wanyama wenye namna hiyo, lakini mtu hapana, ni imani ya watu, na hata vitabuni mwa dini imo. Kisha akanitazama. "Lakini hilo si la daftari letu, Tatu. Liache huko huko liliko." Nilisikia nusu ya kwanza.

Na angalau ningewasikia nguchiro wenyewe! Mwezi ule ule majike wetu walikuwa na matumbo yanayoburuzika chini. Jike kijana mmoja akawahi kuzaa, siku kadhaa kabla ya wenzake. Asubuhi tulimkuta nje ya shimo, tumbo limelegea, anazungukazunguka, na karibu na ngazi kulikuwa na kitoto kimeng'atwa kichwa. Daktari akaniambia hao ni majike wakubwa wake wamekiua. Siku nne baadaye majike wote waliobaki waliingia shimoni jioni wakiwa wanene, asubuhi wakatoka wembamba, wote kwa pamoja, na watoto wao hakuna aliyewagusa. Madume waliwabebea chakula, Bwana Shamba akiwa wa kwanza. "Unaona?" Daktari akasema. "Wakizaa siku moja, hakuna awezaye kusema huyu ni wa nani. Hapo ndipo mtoto anaposalimika." Niliandika maneno yale neno kwa neno na nikayapigia mstari. Nilifurahi sana kuyaelewa. Sikuelewa kitu.

Salim alirudi baada ya mwaka na mwezi, amekonda, meno mawili hayapo, na Zuhura tumbo lake la miezi saba liko mbele. Siku ya kwanza alikaa barazani, mgongo kauelekeza ndani. Siku ya pili alilala kutwa. Siku ya tatu, baada ya alasiri, Bi Khadija akawaita watu ukumbini: maalim wa chuo cha Kurani cha mtaani, majirani wale watatu, na mimi nikakaa mwisho wa mkeka. Maalim, mzee mpole, akaeleza kwamba wanavyuoni wametaja mimba kukaa tumboni hata miaka minne, na mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Bi Khadija akamwambia mwanawe, "Wewe mwenyewe ni shahidi, baba. Wewe mwenyewe ulilala." Nikaona mabega ya Salim yanashuka. Alitaka kuamini, masikini. Alikuwa ametoka kifungoni, anataka mke wake, anataka chai. Akajifuta uso, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akacheka, akanigeukia, "Na wewe Tatu, mtu wa nguchiro, unasemaje? Wenzako wale mimba zao hulala?"

Ulikuwa utani. Kila mtu mle ukumbini alijua ni utani, na kazi yangu ilikuwa kusema, "Hulala, kaka Salim, hukoroma kabisa," tucheke, chai imiminwe. Mimi nikajibu swali.

"Hailali," nikasema. "Ya nguchiro ni miezi miwili, ya mtu ni tisa. Haizidi vile hata iweje. Daktari ameniambia."

"Nyamaza, mwanangu," Bi Khadija akasema taratibu.

Sikunyamaza. Niliona aibu kukatizwa nikiwa na hoja. "Ndiyo maana majike wote huzaa siku moja," nikaendelea, "ili madume wasijue mtoto ni wa nani."

Zuhura alikuwa amekaa karibu na mlango wa uani na mikono yake miwili iko juu ya tumbo. Lakini Salim hakumtazama Zuhura. Alimtazama mama yake. Bi Khadija akatazama mkeka. Kisha Salim akainama akavaa viatu vyake. Ndipo nilipoelewa, Mungu wangu, kwamba sikumwambia Salim habari ya mkewe peke yake. Nilikuwa nimemwambia, mbele za watu, kwamba yeye mwenyewe hana baba, na kwamba hadithi ya kila Idi ilikuwa ya uongo.

Talaka ililetwa kesho yake kwa barua. Salim akavuka mpaka, akakaa Mombasa moja kwa moja, akaoa huko. Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Raya, na Salim akakataa kutajwa kuwa baba yake. Bi Khadija hakumfukuza Zuhura. Alisema nyumba ni yake na mkamwana ni wake, akamlea Raya mgongoni mpaka akatembea. Mimi pia hakunifukuza. Aliendelea kuniitia chakula, "Tatu, njoo ule," lakini nikikaa kwenye sinia mazungumzo yanakatika, tunakula tunasikia meno yetu. Nilivumilia siku kumi na moja. Nikahamia Amani kwa Daktari, nikamaliza daftari la nguchiro huko, kisha nikaenda chuo cha ualimu. Bi Khadija alipokufa nilipata habari baada ya arobaini. Wakaniambia mwanawe hakuja kumzika.

Nani alikuwa baba wa Raya sijui, na sitaki kujua. Watu wameniuliza. Mimi najuta, tena najuta kila siku, na majuto yangu hayana ndani yake hamu ya kujua jina la mtu.

Basi nikaenda. Nyumba ina bati jipya na umeme, lakini ukumbi ni ule ule. Raya alinipokea mlangoni, mama mtu mzima sasa, macho ya Zuhura. Alinikumbatia, akanivuta chumbani, akafunga mlango. "Mama Tatu," akasema, "mie niliozeshwa na kadhi kwa kuwa sina walii wa kuniozesha, na baba yangu yuko hai. Leo amekuja. Yuko hapo ukumbini. Mama alituma aitwe, na wewe uitwe. Alisema, Tatu ndiye aliyesema, na Tatu ndiye atakayesema." Hakuniambia niseme nini. Nilitaka kukaa kitandani kwanza, lakini alikuwa ameshafungua mlango.

Salim alikuwa ameegemea ukuta, fimbo pembeni, mzee kabisa, kanzu inampwaya. Wanaume walikuwa wameshika juzuu za Kurani, wanawake wamejaa mlango wa uani, na miongoni mwao nikamtambua mmoja wa majirani wale watatu, kikongwe sasa, ameshikwa mkono na mjukuu. Nikapiga magoti juu ya mkeka.

"Shikamoo, kaka Salim."

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Wewe ni wa nguchiro."

"Ndiye mimi. Siku ile nilisema kitu nisichokijua. Nilikuwa mtoto. Baadaye nikasoma, kaka, nikasomesha miaka yote hii, nimestaafu kwa kazi hiyo hiyo." Nikatumia sauti yangu ya darasani, ile ambayo haijawahi kudanganya mwanafunzi, ili wa nyuma wasikie. "Mimba hulala. Ya Zuhura ililala. Raya ni mwanao."

Uongo mtupu, na sijapata kusema neno nililolitaka zaidi ya hilo. Kutoka mlango wa uani kikongwe yule akasema, "Si tulisema sie?" na wenzake wakaguna kumwitikia.

Raya alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Mzee akachezesha fimbo yake sakafuni, mara moja, mara mbili, kisha akaniinamia, karibu kabisa, mpaka nikaona machozi yamekaa kwenye kope zake.

"Na mie?" akaniuliza.

"Na wewe, kaka. Miezi kumi na saba. Bi Khadija hakukosea hata siku."

Akanyoosha mkono akamtafuta Raya, akampata, akamkalisha ubavuni pake. Halafu akaivua kofia yake akajifunika uso, na mbele ya watu wote wale akalia kwa sauti, akimwita mama yake.